Neno 'hanithi' lawafunga wanaume vinywa

Katika Kiswahili, neno hanithi ni tusi kabla ya kuwa jina la maradhi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugumu wa tiba unapoanzia. Mfanyakazi wa karakana ya betri anayehisi nguvu zake za kiume zikififia hana neno la heshima la kumwambia daktari. Husema mgongo wamuuma, akatibiwa mgongo.

Ilhali jambo lenyewe si geni. Mnamo 1856, daktari Mfaransa Auguste Delpech alieleza jinsi mvuke wa salfaidi ya kaboni ulivyowaathiri wafanyakazi wa mpira mjini Paris, hata wakashindwa na unyumba. Huko California, mwaka 1977, wanaume waliotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, waligundua kwa mazungumzo yao wenyewe kwamba wengi wao hawakuwa wakipata watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu hata moja. Huo ni ugumba, si upungufu wa nguvu. Mtu aweza kuwa na kimoja bila kingine, ingawa barazani yote hutiwa kapu moja. Ninalotaka msomaji azingatie ni kwamba wanaume wale walizungumza.

Vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huweza kusaidia, lakini haviondoi madini ya risasi damuni. Anayevimeza leo na kurejea kesho kwenye moshi uleule anapaka chokaa ukuta unaovuja. Kwanza mtu aondolewe penye sumu. Kisha apimwe damu, sukari na shinikizo, maana si kila udhaifu hutokana na kazi. Risasi ikizidi mno, zipo dawa za hospitalini za kuitoa. Miongoni mwa waliodhuriwa na DBCP, wapo ambao mbegu zao zilirejea walipoepushwa nayo, na wapo ambao hazikurejea kamwe.

Tangu 1700, Bernardino Ramazzini wa Italia aliwahimiza madaktari wamwulize kila mgonjwa: wafanya kazi gani? Sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 2007, inatambua maradhi ya kazini. Lakini nani atadai fidia ya ugonjwa asiothubutu kuutaja? Daktari na atangulie yeye kuutaja, kwa maneno 'upungufu wa nguvu za kiume', ambayo hayamtukani mtu. Na aulize faraghani, si mbele ya karani wa kampuni.