Mpira Unaolinda Ekseli

Dereva akikunja usukani hadi mwisho na kusikia "tak, tak, tak" kutoka gurudumu la mbele, fundi hahitaji kuambiwa mengi: sivi jointi imeisha. Lakini chuma hicho kigumu mara nyingi hakikujifia chenyewe. Kimeuawa na mchanga na maji, vilivyopita kwenye buti la mpira lililopasuka au chini ya klempu iliyolegea. Anayejitengenezea gari nyumbani anaweza kuepuka hasara hiyo kwa kifaa cha bei ndogo, mradi ajue mpira unavyoishi na unavyokufa. Elimu hiyo ipo, na imekusanywa kwa zaidi ya miaka 200.

Kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mfano Vitz, IST na Passo zilizojaa barabarani kwetu, gurudumu lilelile linalovuta gari ndilo linalokata kona. Kwa hiyo draivshafti inayotoka kwenye gia boksi lazima izunguke huku imepinda, na izunguke bila kusitasita. Mhandisi Alfred Rzeppa alipata jibu, lile lililomo ndani ya sivi jointi, katika miaka ya 1920: gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji ya chuma na kupitisha mzunguko kwa kasi ileile hata shafti ikiwa imepinda. Gololi hizo hubeba nguvu ya injini juu ya utando mwembamba wa grisi. Kazi ya buti, ule mfuko wa mpira wenye mikunjo unaoifunika jointi, ni kuizuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Gari dogo likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka takriban mara 12 kila sekunde, na shafti ikiwa imepinda, katika kila mzunguko kila mkunjo wa buti hufunguka na kujifunga mara moja.

Kwa nini mpira unaistahimili kazi hiyo? Mwanzo wa jibu ulitoka kwa John Gough, msomi kipofu wa mji wa Kendal, Uingereza. Aliugusisha ukanda wa mpira kwenye midomo yake, akauvuta ghafla, akahisi umepata joto. Alipouachia ukapoa. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1805, na unaweza kuihakiki sasa hivi kwa mpira mpana wa kufungia noti. Wanasayansi waliofuata walieleza kilichomo: molekuli za mpira ni minyororo mirefu iliyosokotana kama tambi kwenye sufuria. Ukiuvuta mpira, minyororo hunyooka na kujipanga. Ukiuachia, mtikisiko wa joto huirudisha kwenye msokotano wake. Ndiyo maana mpira hurudi, hata baada ya kukunjwa mara mamilioni.

Mpira una tabia nyingine muhimu kwa anayefunga klempu: ujazo wake haupungui kirahisi. Ukiubana mahali, hutafuta pa kwenda, ukajaa kwenye mfereji uliochongwa juu ya chuma na kukisukuma chuma hicho pande zote. Msukumo huo ndio unaozuia grisi kupenya. Klempu haizibi kitu. Kinachoziba ni mpira, klempu inaulazimisha tu usukume.

Shida ni kwamba mpira uliobanwa huchoka. Ushike kwenye umbo lilelile, na nguvu yake ya kusukuma itapungua siku hadi siku. Upungufu huwa wa haraka mwanzoni kisha hupunguza mwendo: nguvu inayopotea kati ya saa ya kwanza na ya 10 hukaribiana na ile inayopotea kati ya saa ya 10 na ya 100. Joto huongeza balaa. Mwaka 1944 Arthur Tobolsky na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mpira uliovutwa ukiwekwa kwenye joto kali hupoteza nguvu kwa sababu oksijeni ya hewani huikata minyororo yake. Hapo ndipo unapoona thamani ya klempu yenye sikio, ile bendi nyembamba ya chuma yenye nundu inayofinywa kwa koleo. Nundu hiyo ikishafinywa hubaki na uspringi, ikaufuata mpira kadiri unavyolegea. Waya wa kufungia nondo hauna uspringi wowote. Mpira ukisinyaa kidogo tu, waya unabaki umezunguka hewa. Kamba za plastiki za kufungia nyaya nazo hurefuka zikipata joto. Zitakufikisha nyumbani ukiharibikiwa njiani, lakini si za kuachiwa kazi ya kudumu.

Adui wa pili alitambuliwa kwa njia ya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, jiji la Los Angeles lilikuwa limefunikwa na ukungu wa moshi unaowasha macho, na mipira huko ilipasuka mapema kuliko kwingineko. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Caltech, alishuku gesi ya ozoni. Yeye na wenzake wakaugeuza mpira kuwa kipimo: walikunja vipande vyake, wakavipitishia hewa ya jiji, na kuhesabu muda hadi nyufa za kwanza zionekane. Kadiri ozoni ilivyokuwa nyingi, ndivyo nyufa zilivyowahi. Akathibitisha pia kwamba ozoni hiyo huzaliwa pale jua linapopiga moshi wa magari na mvuke wa petroli. Jua na moshi wa magari havina upungufu Dar es Salaam wala Nairobi.

Zingatia kwamba vipande vile vilikunjwa kwanza. Mpira usiovutwa hushambuliwa juujuu tu, na ngozi iliyokwisha kuliwa na ozoni huikinga ile ya chini. Uliovutwa hufunguka pale ulipokatwa, ukaanika mpira mpya, nao ukakatwa, mpaka ufa unatokea upande wa pili. Mabuti mengi hutengenezwa kwa neoprini, mpira wa maabara uliopatikana mwaka 1930 katika kampuni ya DuPont, ambao huvumilia mafuta na ozoni kuliko mpira wa mti. Lakini kuvumilia si kushinda.

Kwa hiyo ufungaji ndio unaoamua buti litaishi muda gani. Mpira hupasuka mahali unapovutwa bila kupumzika, na huvuja mahali usipobanwa vya kutosha. Buti lililofungwa likiwa limejipinda huvutwa upande mmoja saa zote, hata gari likiwa limelala, na ufa utaanzia hapo. Hata gari la kukaa wiki nyingi bila kutembea ni vema liegeshwe magurudumu yakiwa yamenyooka, ili mikunjo ya buti ipumzike.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi na zuia magurudumu yaliyobaki chini yasibingirike. Ukishaitoa draivshafti na kulivua buti la zamani, chukua grisi kidogo uisugue kati ya vidole. Ikikwaruza, mchanga umeshaingia: osha jointi, ikaushe kabisa, kisha kagua gololi na mifereji yake. Ukiona vishimo, au kama ule mlio wa kwenye kona umeshaanza, buti jipya halitaiponya jointi, badilisha vyote. Petroli isiguse buti jipya, maana huuvimbisha mpira. Grisi iwe ile iliyokuja na buti, ambayo kwa kawaida ni nyeusi kwa sababu ya molibdeno, na uitie yote, nyingi ikiwa imeshindiliwa kati ya gololi.

Hatua inayofuata ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Futa shafti na ukingo wa jointi kwa kitambaa safi mpaka chuma kiwe kikavu kabisa mahali midomo ya buti itakapokaa. Grisi ikibaki hapo, mpira utateleza hata klempu ikikazwa namna gani. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa buti: utagusa ukingo mdogo uliotokeza. Ukingo huo lazima udumbukie kwenye mfereji wa chuma, na utausikia ukikaa. Angalia mikunjo yote. Kama imejisokota, zungusha buti taratibu hadi inyooke.

Funga klempu kubwa kwanza. Kabla ya ile ndogo, ingiza bisibisi butu chini ya mdomo mwembamba, shafti ikiwa imenyooka na buti likiwa kwenye urefu wake wa kawaida, uisikie hewa ikipumua. Hewa iliyozidi hulivimbisha buti, na iliyopungua huinyonya mikunjo mpaka isuguane na shafti. Toa bisibisi, kisha finya sikio la klempu mpaka kuta zake mbili zikaribiane. Jaribu kuizungusha bendi kwa vidole, isisogee. Buti la plastiki ngumu huhitaji nguvu zaidi ya lile la mpira laini, kwa hiyo tumia bendi zilizokuja nalo. Klempu za skrubu za mabomba ya maji ziache: kichwa chake hubana sana mahali pamoja na kuacha pengine palegevu, na uzito wake wa upande mmoja huzunguka pamoja na shafti.

Baada ya kilomita mia kadhaa, rudi ukague, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchovu wa mpira huja mapema. Chungulia sehemu ya ndani ya rimu. Ukikuta mstari mweusi wa grisi uliorushwa kuuzunguka ukuta wake, klempu inavuja au buti limepasuka, na ukiwahi hapo jointi bado inaweza kuokolewa. Ukaguzi huo hauhitaji kifaa chochote ila tochi, na kila mwenye gari anapaswa kuufanya kila anapobadilisha oili. Mlio wa kwenye kona ukishafika, umechelewa.