Kelele za Ndani ya Motokaa

Zamani za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi hakupenda kuondoka Bagamoyo na mzigo uliolegea. Robota la nguo, likiwa la merikani au la kaniki, lilifungwa kwa kamba, likapigwa na kukazwa mpaka likawa gumu kama gogo, kwani mzigo uchezao begani humchubua mwenye kuuchukua. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, katika nchi ya Tabora, mwezi wa Novemba. Mtu aendaye safari ya miezi mitano hana budi kujua kufunga mzigo.

Leo njia za nchi hiyo zapitwa na motokaa, nazo zina mizigo yao iliyolegea. Kikasha cha mbele chagongagonga, kioo cha mlango chatetema, kiti chalia kama kitanda kikuukuu. Wenye motokaa wengi husema, "Ni kelele tu," wakaendelea na safari. Sisi nasi tulisema hivyo siku moja tulipokuwa tukitoka Tabora kwenda Urambo. Tulisikia mgongano, tukadhani ni kile kikasha tulichokwisha kukizoea. Tuliposimama kunywa maji tukaona nati mbili za gurudumu zimelegea, hata zageuka kwa vidole. Tangu siku ile twaona kwamba kelele ndogo ya ndani ina hatari yake: huificha ile kubwa ya nje.

Yafaa kwanza kujua sababu yake. Barabara ya changarawe hufanya vituta vidogo vilivyojipanga mfano wa bati. Mwaka 2007 wataalamu walizungusha gurudumu juu ya mchanga, wakaona kwamba vituta hutokea vyenyewe mara gurudumu lipitapo kiasi fulani cha mwendo, hata gurudumu lenyewe likiwa halina springi. Tufanye hesabu. Ikiwa kituta na kituta vimeachana sentimita 75, motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa hupigwa mara 22 kila sekunde, yaani zaidi ya mara 1,300 kwa dakika moja. Tena mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba nati hufunguka upesi zaidi vitu vilivyoshikwa vikisukumwa upande kwa upande kuliko vikivutwa kwa urefu wa bolti. Basi si ajabu parafujo kujifungua zenyewe.

Kazi yenyewe haitaki karakana. Anza kwa kuitoa mizigo yote: chupa, spana, jeki, hata sarafu zilizoanguka kando ya kiti. Twamjua mtu aliyefungua mlango mzima akitafuta kelele, kumbe ni shilingi mia iliyokaa katika kisahani cha majivu. Jeki na gurudumu la akiba ndio wakosaji wa mara nyingi. Vifunge imara mahali pake, na chini yake tandika kipande cha gunia.

Kelele ikibaki, tafuta mwenzi. Mmoja aendeshe polepole penye vituta, wa pili akae kando yake na kubonyeza kwa kiganja kila mahali: dashibodi, mlango, dari, nguzo ya mkanda. Pale ambapo kelele hukoma ukibonyeza, hapo ndipo ilipo. Dereva asitafute peke yake huku akiendesha.

Sasa sikiliza sauti ni ya namna gani. Ikiwa ni ya kugonga, kuna nafasi kati ya vitu viwili, au kitu kilicholegea. Kaza parafujo kwa bisibisi iliyo sawa na kichwa chake, nawe ukome mara ushikapo uzito. Parafujo iliyo katika plastiki ikikazwa kupita kiasi hukata njia yake, na hapo umejiongezea kazi. Penye nafasi, weka ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baisikeli au kitambaa kizito. Mlango wa kikasha cha mbele mara nyingi hutulia kwa vipande viwili tu vya mpira huo, kimoja kila pembe.

Sauti ikiwa ya kukwaruza au kulia, ni vitu viwili visuguanavyo. Futa vumbi kwanza. Vumbi la Unyamwezi laingia kila mahali. Kisha pitisha kitambaa kati yake, au paka nta ya mshumaa penye plastiki. Mpira wa kuzunguka mlango uoshe kwa maji ya sabuni, ukaushe, upake poda kidogo. Usiupake mafuta ya mota, maana huuvimbisha na kuuharibu.

Mlango wataka subira. Parafujo zake hufichwa nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya mahali pa kuegemeza kiwiko. Ukisha kuzitoa, vuta ubao wa ndani karibu na kila kibanio, wala usivute pembe moja kwa nguvu, utavivunja vyote. Nyuma yake kuna karatasi ya plastiki izuiayo maji ya mvua; usiipasue. Kibanio kilichovunjika nunua kingine. Gundi haidumu katika jua letu.

Kuna mahali ambapo hatukushauri kugusa kabisa. Motokaa za siku hizi nyingi zina mifuko ya hewa katika usukani na katika dashibodi mbele ya abiria, na nyingine katika viti na nguzo za kando. Mifuko hiyo hupasuka kwa nguvu kuu, nayo yaweza kumjeruhi mtu aichezeaye. Hapo mpelekee fundi aijuaye. Kiti kitikisikacho pia si jambo la kutia kitambaa: tazama bolti zinazokishika sakafuni, uzikaze kwa spana, na ikiwa moja haipo, usisafiri mpaka imepatikana nyingine iliyo sawasawa.

Ukisha kufanya hayo yote, rudi barabarani ukafunge vioo na kuzima redio. Sauti itakayobaki ikiwa yatoka chini ya sakafu, au yageuka ukizungusha usukani, simama kando, anza na nati za magurudumu.