Mtandao wa Jamii: Jinsi Vijiji vya Mbali Vinavyojiletea Intaneti

Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya (CA) ilichapisha mwongozo wa kutoa leseni na masafa kwa mitandao ya jamii. Ni rahisi kuuchanganya usemi huo na mitandao ya kijamii, yaani majukwaa ambamo watu hupiga gumzo na kupashana habari. Mtandao wa jamii ni kitu kingine kabisa. Ni mitambo yenyewe ya mawasiliano, kama vile mnara, antena na nyaya, ambayo wakazi wa eneo fulani huijenga, huimiliki na kuiendesha bila lengo la kugawana faida.

Makala haya yanaeleza namna mpango huo unavyofanya kazi. Yanatumia mifano ya jamii asilia za Kanada na Meksiko zilizotangulia kuujaribu, kisha yanaonyesha sheria ya Kenya inaruhusu nini.

Kwa nini kampuni huchelewa kufika

Gharama ya kusimamisha mnara haipungui kwa sababu kijiji kina watu wachache. Mara nyingi huongezeka, kwa kuwa barabara ni mbovu na umeme haupo. Wakati huohuo, wateja ni wachache na kipato chao ni kidogo. Kampuni inayowajibika kwa wenye hisa hupiga hesabu hiyo na kuona hasara.

Hesabu ya kijiji ni tofauti. Kijiji huhesabu pia nauli ya mgonjwa anayesafiri siku nzima kumwona daktari, na mwanafunzi anayelazimika kuhama nyumbani ili asome. Gharama hizo hazimo katika vitabu vya kampuni, ingawa wakazi huzilipa kila mwaka. Ndiyo maana jambo lisilo na faida kwa mwekezaji laweza kuwa na manufaa makubwa kwa wenyeji.

Kanada: baraza la machifu lenye mtandao wake

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario wanaishi watu wa Mataifa ya Kwanza, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Vijiji vyao vingi hufikiwa kwa ndege tu, au kwa barabara za barafu wakati wa baridi kali. Mwaka 1994, baraza la machifu liitwalo Keewaytinook Okimakanak lilianzisha huduma ndogo ya kubadilishana ujumbe kwa kompyuta. Huduma hiyo ilikua na kuwa mtandao ujulikanao kama K-Net.

Machifu walianza na mahitaji, ndipo wakatafuta mitambo ya kuyatimiza. Palianzishwa shule ya sekondari inayofundisha kwa intaneti, ili vijana wasome bila kuwaacha wazazi wao. Ilianzishwa pia huduma ya tiba kwa njia ya video, ambapo mgonjwa huketi katika zahanati ya kijijini na kuzungumza na daktari aliye mji wa mbali.

Vijiji visivyofikiwa na nyaya, kama Fort Severn kando ya Ghuba ya Hudson, vilitegemea setilaiti, ambayo ni ghali. Ili kupunguza mzigo, K-Net iliungana na mashirika ya wenyeji wa asili ya Manitoba na Quebec, wakatumia kwa pamoja uwezo wa setilaiti. Kijiji chenye mashauriano ya daktari kiliweza kupewa nafasi zaidi kwa saa hiyo, kisha nafasi hiyo ikahamia kwingine.

Meksiko: sheria iliyofuata nyayo za kijiji

Katika milima ya jimbo la Oaxaca kipo kijiji cha Wazapoteki kiitwacho Talea de Castro. Kwa kuwa kampuni za simu hazikuona faida ya kukihudumia, mwaka 2013 mkutano wa kijiji uliamua kuanzisha huduma yake. Wakisaidiwa na shirika la Rhizomatica, wakazi walifunga kituo kidogo cha simu kinachotumia programu huria, na simu za kwenda mbali zikapitishwa kwenye intaneti. Hapo mwanzo muda wa kila simu uliwekewa kikomo ili mitambo isizidiwe.

Vijiji vingine vikaiga. Mwaka 2014 Meksiko ilipitisha sheria mpya ya mawasiliano iliyotambua leseni za matumizi ya kijamii, zikiwemo za jamii asilia. Mwaka 2016 muungano wa vijiji hivyo ulipata leseni ya kutumia masafa ya simu kihalali. Kwa utaratibu wao, mtumiaji alilipa peso 40 kwa mwezi. Peso 25 zilibaki kijijini, na peso 15 zilikwenda kwa muungano kwa ajili ya uendeshaji na msaada wa kiufundi.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakudumu kila mahali. Huko Talea kwenyewe, kampuni kubwa ya simu ilipofika na huduma iliyoonekana bora, wakazi waliuacha mtandao wao. Mtandao wa jamii hauwezi kusimama kwa fahari peke yake. Usipodumisha ubora, wenyewe watauhama.

Sheria ya Kenya inasemaje

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 260, inazitaja jamii zilizotengwa kuwa ni pamoja na jamii asilia zinazoishi kwa uwindaji na ukusanyaji, na wafugaji waliobaki nyuma kwa sababu ya kuishi mbali. Ibara ya 56 inaitaka serikali kuweka mipango ya kuzifikishia jamii hizo maji, afya na miundomsingi. Kwa maisha ya leo, ni vigumu kuzungumzia miundomsingi bila kuitaja intaneti.

Mwongozo wa CA unaipa nafasi jamii isiyosubiri kampuni. Kikundi kilichosajiliwa, kinachodhibitiwa na wanajamii na kisichotafuta faida, kinaweza kuomba leseni ya kutoa huduma katika eneo mahususi. Leseni haiondoi wajibu mwingine. Vifaa sharti viwe vya aina iliyoidhinishwa, masafa yatumiwe kama yalivyopangwa, na intaneti ya kusambaza inunuliwe kwa mtoa huduma mwenye leseni. Mkongo wa taifa wa fiba unaofika makao makuu ya kaunti hupunguza umbali wa kuitafuta. Kutoka hapo hadi kijijini ndiko kwenye kazi ngumu.

Mambo ya kuamua kabla ya kuomba leseni

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba antena haitoshi. Kabla ya kununua chochote, baraza la kijiji linapaswa kujibu maswali matatu.

Kwanza, ni nani mwenye mtandao? Mali isiyo na mwenye anayejulikana hugombaniwa, au huachwa ioze.

Pili, ni nani atakayeutengeneza? Radi ikipiga mnara, fundi wa kutoka mjini anaweza kuchukua majuma. Vijana wa palepale wafundishwe kabla mitambo haijawashwa, na si mmoja tu, kwa maana huyo mmoja akipata kazi mjini, mtandao umekwisha.

Tatu, ni nani atakayelipa mwaka wa tatu? Msaada wa wafadhili huweza kununua vifaa, lakini betri huchoka na ada ya intaneti hudaiwa kila mwezi. Ada ndogo iliyokubaliwa na wote, na hesabu zinazosomwa hadharani mbele ya wanachama, ndizo zitakazouweka mtandao hai baada ya mfadhili kuondoka.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika jambo hili, mgeni anaweza kuleta vifaa na ujuzi, na serikali ikatoa leseni na masafa. Uamuzi wa kuutunza mtandao utabaki mikononi mwa mwenyeji.