Lugha ya Ishara kwa Wakubwa: Nani Amlipe Mwalimu?

Leo tunazungumza juu ya lugha ya ishara kwa watu wazima.

Kiziwi hasikii mlio wa risasi. Hasikii askari wa barieri akimwambia, "Simama!" Akiendelea kutembea, anahesabiwa kuwa mkaidi au adui. Kijiji kikikaa kutatua ugomvi wa shamba, wengine wanasema kwa niaba yake, na haki yake inapotea. Hapo pia amani inavunjika.

Wengi husema, "Lugha hiyo ni ya watoto wa shule." Sivyo. Mtoto kiziwi ataongea na nani nyumbani, kama mama na baba hawajui ishara? Wako pia viziwi wakubwa ambao vita viliwanyima shule. Na muuguzi, polisi na chefu wanahitaji angalau ishara za lazima: hatari, maji, maumivu, ndiyo, hapana.

Nani alipe? Familia iliyokimbia na kuacha shamba haiwezi. Mwaka 2015 nchi yetu Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 24 kinaitaka Serikali irahisishe kujifunza lugha ya ishara. Tena, tarehe 3 Mei 2022, ilitoka sheria ya nchi ya kulinda haki za watu hao. Basi hatuombi sadaka, tunadai deni.

Ninyi viongozi, sheria ya mwaka 2008 inazipa komini, sekta na tawala za mwami bajeti zao. Ushuru wa soko, kiziwi naye anaulipa. Andikeni katika bajeti mshahara wa mwalimu mmoja, na heri awe kiziwi mwenyewe, anayeijua lugha yake vizuri. Hakuna mashine ya kununua. Chumba cha shule baada ya masomo, ubao na chaki vinatosha kuanza.

Nanyi wazazi, katika mkutano wa kambi ulizeni: viziwi wetu ni wangapi? Nani kati yetu anajua ishara? Wakubwa wangapi wako tayari kujifunza? Pelekeni hesabu hiyo kwa chefu kabla bajeti haijapitishwa. Ombi lenye hesabu ni vigumu kulikataa.

Kidole kimoja hakivunji chawa.