Takataka Zetu Zinaishia Wapi?

Mwanafunzi mmoja hapa Isiolo alifundishwa kwamba plastiki inaua kasa baharini. Aliporudi nyumbani akauliza: "Na hizi zetu za kwenye laga, zinafika huko?"

Nyingi hazifiki. Mvua ikinyesha, Mto Isiolo huzipeleka Ewaso Ng'iro, zikapita Merti mpaka kinamasi cha Lorian, ambako mto huishia. Ni mafuriko makubwa tu yanayovuka hapo kuelekea Mto Juba na Bahari Hindi.

Basi uchafu wetu unabaki malishoni mwetu. Mbuzi akila karatasi ya nailoni, tumbo haliwezi kuisaga. Zikijaa, anakonda hata kama majani yapo. Akifa tunasema ni ukame.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini karatasi za mkate bado zipo. Kikundi chenu kinaweza:

1. Kuokota plastiki lagani kabla ya mvua.
2. Kuzungushia shimo la taka ua wa miiba, mifugo wasiingie.
3. Kuacha kuchoma plastiki. Moshi wake ni sumu.

Swali la kujadiliana mkutanoni: Mara ya mwisho mlipochinja, mlikuta nini tumboni?