Baiskeli za mizigo Olasiti: wateja wanalipia keria, mzigo unakaa kwenye gurudumu

Mwenye duka Olasiti, magharibi mwa Jiji la Arusha, ana njia nne za kuleta mzigo kutoka Mbauda au Kilombero: kirikuu, toyo, bodaboda na baiskeli. Tatu za kwanza husikilizia EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei kikomo za mafuta zinapotangazwa. Ya nne inakula ugali. Ndiyo maana Phoenix na Avon, zile za ringi 28 na breki za vyuma, hazijaishia zote kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kuigeuza baiskeli ya namna hiyo iwe ya mizigo ni biashara isiyo na kiwanda. Inagawanywa kati ya mafundi wawili: yule anayechomelea mageti na madirisha, na fundi baiskeli wa chini ya mti. Wa kwanza hung'oa keria ya kiwandani, akatengeneza nyingine ya nondo au bomba, miguu yake ikishuka hadi kwenye eksili. Huongeza bomba la pili chini ya lile la juu, kisha stendi ya miguu miwili. Chuma cha baiskeli hizi ni kinene, kinavumilia mashine ya kawaida ya kuchomelea. Aluminiamu ingetaka gesi ya agoni na fundi wa aina nyingine.

Wateja wengi huishia hapo, kwa kuwa keria ndiyo inayoonekana. Hapo ndipo pesa inapopotea. Madumu matano ya maji ya lita 20 ni kilo 100, mifuko miwili ya simenti vilevile, na karibu uzito wote huo unaangukia gurudumu la nyuma. Waingereza walioueneza muundo huu waliliwekea spoki 40, la mbele likabaki na 32. Fundi makini hufunga spoki nene na eksili mpya, halafu huondoa firiwili ya meno 18 na kuweka ya 22. Mwendo unapungua, lakini mguu unapata nafuu ya karibu moja ya tano.

Breki ni shida kubwa zaidi. Ringi ya chuma ikilowa, mpira unateleza tu, na anayeshuka kutoka Ngaramtoni na viazi wakati wa masika analijua hilo vizuri. Baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, yenye keria ya kilo 100, ina breki ya kukanyaga kinyumenyume iliyofichwa ndani ya gurudumu. Hakuna anayemkataza fundi wa Arusha kuiga.

Mji huu umewahi kuijaribu baiskeli kama mtambo. Mwaka 2009 Jodie Wu alianzisha Global Cycle Solutions hapa Arusha, ikiuza kifaa cha kupukuchua mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli. Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi baiskeli, alibuni chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu. Baadaye kampuni ile iligeukia taa za sola. Kwa maoni yangu, ugumu wa soko ulikuwa wazi: kipukuchuzi kinaingiza pesa msimu wa mavuno, keria inaingiza kila asubuhi.

Sisemi baiskeli itaishinda toyo. Tofali na mchanga zimekwishakwenda huko, na kwenye miinuko ya kuelekea Mlima Meru bodaboda haina mpinzani. Soko lililobaki ni la safari fupi za tambarare: mikate, trei za mayai, maziwa, maji, mkaa, majani ya ng'ombe. Ni soko dogo, lakini halina foleni ya kituo cha mafuta.

Kinachokosekana ni kipimo. Mteja hana namna ya kujua keria aliyouziwa inabeba kilo ngapi kabla kiungo hakijaachia barabarani. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoanzishwa mwaka 1981, kina makao yake hapahapa Arusha. Kianze kuzipima keria hizi na kuzigonga muhuri wa uzito, na mafundi watakaofaulu wapewe cheti cha kubandika ukutani.