Saa ya Mwili kwa Asiyeona Nuru

Saa ya mwili, yaani kundi la chembehai zilizomo katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ambazo hupanga nyakati za usingizi, njaa na joto la mwili, haikamilishi mzunguko wake kwa saa 24 kamili, bali kwa watu walio wengi huchelewa kwa dakika kadhaa, hata ikahitaji kurekebishwa kila siku. Kinachoirekebisha ni nuru. Abiria avukaye Mto Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, kusini mwa Mtwara, huirudisha saa ya mkononi nyuma kwa saa moja aingiapo Msumbiji, lakini mwili wake hauhisi lolote, maana jua la kingo zote mbili ni moja.

Kwa vipofu jambo hili si jepesi, wala wote hawafanani. Kufikia mwaka 2002 wanasayansi walikwisha kuthibitisha kwamba katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, zimo chembehai chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa si kuunda picha bali kuupasha ubongo habari kwamba kumekucha au kumekuchwa. Kwa hiyo mzee aliyepofushwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaotia ukungu lenzi bila kuigusa retina, aghalabu hulala na kuamka kama jirani zake, ilhali aliyeharibiwa neva ya jicho na glakoma, au aliyeondolewa macho yote mawili, huenda akaupoteza kabisa uhusiano huo. Kwa kuwa jicho lisiloona laweza bado kuupasha ubongo habari hiyo, kuling'oa jicho kwa sababu tu halioni ni uamuzi wa kufikiriwa sana.

Zaidi ya nusu ya wasioona nuru hata chembe wana saa inayoteleza. Wachokoaji wa pweza wa Msimbati, pwani ya Mtwara, wanajua kwamba maji hupwa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku. Usingizi wa kipofu wa namna hii nao husogea, ingawa taratibu zaidi, na ikiwa mzunguko wake ni saa 24 na nusu, basi huchukua siku 48 kurudi ulipoanzia, naye akiwa amepitia majuma ya kukesha usiku na kusinzia mchana. Adhana na nyakati za mlo humjulisha saa, lakini kwa kawaida havina nguvu ya kuisukuma ile ya mwilini.

Asafiripo kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, ambako saa ziko mbele kwa tano, mwenye kuona husumbuka siku chache hadi nuru ya huko imzoeshe. Kipofu huyu hana cha kumzoesha, na hata saa yake ikilandana na ya wenyeji kwa bahati, baadaye itachelewa tena. Tafiti za mwaka 2000 zilionyesha kuwa melatonini, homoni ambayo tezi ya ubongo huitoa usiku, ikimezwa kila siku kwa saa ile ile huweza kuishika saa hiyo isiteleze, mradi daktari apange wakati wa kuimeza, kwani wakati huo una uzito kuliko wingi wa dawa.